Faini ya maegesho England: kinachofuata usipolipa, na mahali pa kuikatiza

Tikiti ya maegesho ya pauni 35 iliyosahaulika kwenye droo inaweza kuwa deni la pauni 425 kabla mwaka haujaisha. Hesabu yake ni hii. Nje ya London faini ya daraja la juu ni pauni 70, na hiyo 35 ni nusu anayolipa aliyewahi. Ukikaa kimya inapanda kwa nusu na kuwa 105. Mahakama inaongeza ada ya kama pauni 10, madalali wa mahakama wanatoza 75 kwa kukuandikia barua tu, kisha 235 siku wanapofika mlangoni. Ndani ya London, ambako faini ya mwanzo hufika pauni 160, njia hiyohiyo inakupeleka kwenye 560.

Maelezo haya ni ya England na Wales. Scotland na Ireland Kaskazini wana taratibu zao, na ushauri wa rafiki anayeishi Glasgow unaweza kukuponza ukiufuata Leicester.

Tambua kwanza karatasi imetoka kwa nani

Herufi PCN zinatumika kwa vitu viwili visivyo na undugu. Penalty Charge Notice hutolewa na halmashauri au na Transport for London, na ina nguvu ya sheria nyuma yake. Parking Charge Notice hutolewa na kampuni binafsi inayosimamia maegesho ya supamaketi, hospitali au gym. Hiyo ya pili ni ankara: kampuni inadai kwamba uliingia mkataba nayo ulipoegesha chini ya kibao chake, na kwamba umeuvunja. Aina ya tatu ni ya polisi, yenye kichwa Fixed Penalty Notice au Notice of Intended Prosecution, na hapo tumetoka kwenye madai tumeingia kwenye jinai.

Soma jina la mtoaji juu ya karatasi kabla ya kufanya lolote. Anayeshughulikia barua ya polisi kama ankara ya supamaketi anaweza kupoteza leseni, na anayeogopa ankara ya supamaketi kama barua ya polisi hulipa kitu ambacho pengine hakudaiwa.

Ujumbe wa simu wenye kiungo cha kulipia faini uuhesabu kuwa utapeli. Andika mwenyewe anwani ya tovuti ya halmashauri, ingiza namba ya PCN na namba ya gari. Kama faini ni ya kweli itaonekana hapo, mara nyingi pamoja na picha alizopiga askari wa maegesho.

Njia ya halmashauri, barua kwa barua

Una siku 14 za kulipa nusu. Faini iliyopigwa kwa kamera na kuja kwa posta mara nyingine hutoa siku 21, kwa hiyo fuata tarehe iliyochapishwa kwenye karatasi yako. Ukiwa na hoja ya kupinga, iandike ndani ya siku hizo, maana halmashauri ikiikataa kwa kawaida hukurudishia nafasi ya kulipa nusu. Usilipe kwanza kwa nia ya kupinga baadaye: malipo yanafunga kesi.

Hoja zinazosimama ni zile zenye ushahidi: picha ya kibao kilichofunikwa na matawi, stakabadhi ya mashine, rekodi ya app inayoonyesha ulilipa ila uliandika O badala ya sifuri kwenye namba ya gari. Katika England, muda uliolipia ukiisha kwenye maegesho ya halmashauri una dakika 10 za ziada kabla ya kuandikiwa faini. Dakika hizo hazipo kwenye mistari miwili ya manjano. Hoja ya "nilikuwa na haraka" haijawahi kumsaidia mtu.

Siku 28 zikipita bila malipo, halmashauri inaiomba DVLA, mamlaka ya leseni na usajili wa magari, jina la aliyeandikishwa kwenye kadi ya gari (V5C) na kumtumia barua iitwayo Notice to Owner. Zingatia nani anaandikiwa. Kama gari ni lako na aliyeliendesha ni mdogo wako au shemeji, deni ni lako. Kutaja jina la dereva hakukutoi, isipokuwa gari lilikuwa limeibwa, limeuzwa, au ni la kampuni ya kukodisha magari.

Barua hiyo inakupa siku nyingine 28 za kulipa faini kamili au kupinga rasmi, hata kama hukuandika chochote mwanzoni. Halmashauri ina siku 56 za kujibu pingamizi la maegesho. Isipojibu katika muda huo, inahesabiwa imekubali hoja yako. Ikikataa, unapata siku 28 za kwenda kwa msuluhishi huru: London Tribunals kwa faini za London, Traffic Penalty Tribunal kwa kwingineko. Hakuna ada, hulazimiki kuwa na wakili, na unaweza kusikilizwa kwa maandishi au kwa simu. Wengi wanakata tamaa hapa, na ni makosa. Nusu bei umeshaikosa, kwa hiyo ukishindwa kwa kawaida utalipa faini ileile kamili ambayo ungelipa bila kwenda.

Faini za kamera zina mtego wake. Barua ya kwanza iliyokuja kwa posta ndiyo PCN na ndiyo Notice to Owner kwa pamoja. Hakuna barua ya pili itakayokupa siku 28 nyingine, na anayeisubiri hukutana na Charge Certificate.

Charge Certificate ndiyo barua inayopandisha faini kwa nusu na kukupa siku 14. Katika hatua hii huna haki ya kupinga, na barua ndefu za kujieleza hujibiwa kwa mistari miwili. Una njia mbili tu: lipa, au, kama kweli una mojawapo ya sababu nne zilizo hapa chini, subiri barua inayofuata.

Inayofuata ni Order for Recovery. Halmashauri imeandikisha deni kwenye Traffic Enforcement Centre, kituo cha mahakama kilichopo Northampton, na una siku 21.

Fomu TE9 na TE7

Watu wengi hupata habari za faini kwa mara ya kwanza kupitia barua ya madalali, kwa sababu barua zote za nyuma zilikwenda kwenye nyumba waliyohama. Sheria imeliona hilo na kuweka fomu TE9, tamko unalotia saini ukisema moja kati ya mambo haya: hukupata Notice to Owner (au PCN ya posta), ulipinga rasmi na hukupata jibu la kukataliwa, ulikata rufaa kwa msuluhishi na hukujibiwa, au ulilipa faini yote.

Hakuna sababu ya tano. Northampton hawasikilizi kama kibao kilionekana au mashine ilikuwa mbovu. Anayeweka alama kwenye "sikupata barua" kisha akajaza ukurasa mzima kuhusu mistari iliyofutika barabarani anajiharibia mwenyewe.

Ndani ya siku 21 unapeleka TE9 peke yake. Siku zikipita unaongeza TE7, ambayo ni ombi la kupokelewa ukiwa umechelewa. Fomu hizi mbili zinajibu maswali tofauti, na hapo ndipo maombi mengi yanapoangukia. TE9 inaeleza kilichokosekana. TE7 inaeleza kwa nini hukuleta TE9 kwa wakati: ulihama tarehe fulani, barua zilikwenda anwani ya zamani, ulijua deni lipo tarehe fulani madalali walipokuandikia, na ukapeleka fomu siku kadhaa baadaye. Taja tarehe. Ambatanisha bili ya council tax ya nyumba mpya, mkataba wa kupanga, au uthibitisho wa DVLA wa anwani mpya. Kila PCN ina fomu zake. Ukiwa na tano, jaza seti tano. Zipeleke kwa barua pepe na utunze nakala. Hakuna ada.

Faini za congestion charge (ada ya kuingiza gari katikati ya London) na ULEZ (ada ya magari yanayochafua hewa zaidi) zinatumia fomu nyingine, PE3 na PE2, na PE3 lazima uiapie. Wakili atakutoza pauni chache, lakini ofisa wa mahakama ya kaunti anaweza kukuapisha bure. Peleka kitambulisho, na usitie saini kabla ya kufika mbele yake.

Ombi la kuchelewa likifika Northampton, halmashauri hujulishwa na madalali husimamishwa hadi uamuzi utoke. Waandikie madalali siku hiyohiyo uwaambie umepeleka, kwa sababu taarifa inaweza kuchukua siku kuwafikia. Ukikubaliwa, nyongeza na gharama za madalali zinafutwa, ila faini yenyewe inabaki: halmashauri inaweza kukutumia Notice to Owner upya, na safari hii una haki zako zote, ikiwemo ya kwenda kwa msuluhishi. Ukikataliwa, una siku 14 za kuomba mapitio kwa fomu N244, yenye ada inayozidi pauni 100. Piga hesabu kwanza kama deni linastahili ada hiyo.

Usidanganye kwenye fomu hizi. Tamko la uongo ni kosa la kudharau mahakama, na mtu anayejinasua kwenye pauni 200 asiingie kwenye hilo.

Madalali wa mahakama

Usipolipa wala kupeleka fomu, halmashauri inapewa hati ya kukamata mali, inayodumu miezi 12, na kuikabidhi kwa madalali ambao Waingereza huwaita bailiff. Wanaanza na barua iitwayo Notice of Enforcement, na kanuni za 2014 ziliweka pauni 75 kwa hatua hiyo, 235 kwa kukutembelea, na 110 mali ikipelekwa kuuzwa. Barua inakupa siku saba kamili, Jumapili na sikukuu hazihesabiwi. Kama deni ni la kweli na huna hoja, hizi siku saba ndizo za kulipa au kupatana kulipa kwa awamu. Kuziacha zipite ni kununua ziara ya pauni 235.

Ukiwa na hati kadhaa kwa kampuni moja na zinaweza kushughulikiwa pamoja, zile 235 hutozwa mara moja tu kwa ziara, si kwa kila faini. Ikague hesabu yao.

Wakija, ni kati ya saa 12 asubuhi na saa 3 usiku. Kwa deni la maegesho hawana ruhusa ya kuvunja mlango wala kukusukuma wapite, lakini mlango usiofungwa kwa ufunguo wanaweza kuufungua wakaingia, na hiyo ni halali. Funga milango na uongee nao kupitia dirisha. Hawaruhusiwi kuingia kama waliomo ndani ni watoto wa chini ya miaka 16 peke yao. Usitie saini mkataba wa kuorodhesha mali yako kama hutaweza kulipa awamu zake, kwa sababu ukishausaini na kuuvunja wanapata haki ya kurudi na kuingia kwa nguvu.

Kitu wanachokitaka ni gari. Wanaweza kulifunga mnyororo barabarani au kwenye uwanja wa nyumba yako, na baada ya saa mbili kulivuta. Gari lenye Blue Badge, kadi ya maegesho ya watu wenye ulemavu, iliyowekwa kihalali haliguswi. Vifaa unavyovitegemea kwa kazi, gari likiwemo, vinalindwa kama thamani yake yote haizidi pauni 1,350, kiwango ambacho kwa gari la teksi kinapitwa mapema. Gari la mkopo ambalo bado ni mali ya kampuni ya fedha, waonyeshe mkataba.

Miongozo ya kitaifa inawataka madalali wawe waangalifu na walio katika hali dhaifu, na orodha yake inataja wazee, wagonjwa, wajawazito, mzazi anayelea peke yake, aliyefiwa karibuni, na pia mtu ambaye ni wazi hakielewi Kiingereza vizuri. Kama ni mama yako anayeandikiwa na barua hazisomi, liseme hilo kwa maandishi kwa madalali na kwa halmashauri, na uombe kesi irudishwe halmashauri. National Debtline, StepChange na Citizens Advice husaidia bure. Anayekutoza pesa kwa kujaza TE9 anakuuzia fomu isiyo na ada.

Yanayosemwa vijiweni na si kweli: faini ya maegesho ya halmashauri haikupeleki jela, haileti pointi kwenye leseni, na haiandikwi kwenye rekodi yako ya mikopo, hata ikifika Northampton.

Ankara ya kampuni binafsi

Zamani ushauri ulikuwa "itupe". Uliisha nguvu 2015, Mahakama ya Juu ilipoamua katika kesi ya ParkingEye dhidi ya Beavis kwamba pauni 85 kwa kupitisha muda kwenye kiwanja cha maduka zinadaiwa kihalali. Hata hivyo kampuni haina nguvu za halmashauri. Tangu Oktoba 2012 haiwezi kufunga gari mnyororo kwenye ardhi binafsi, na haiwezi kutuma madalali bila kushinda kesi kwanza.

Kiwango cha kawaida hakizidi pauni 100, kikishuka hadi 60 ukilipa ndani ya siku 14. Kampuni ikitaka kumdai mwenye kadi ya gari bila kujua dereva ni nani, sheria ya 2012 inaitaka barua ya kamera ifike ndani ya siku 14 tangu siku ya kuegesha. Iliyochelewa ina kasoro kubwa, mradi hujataja dereva. Ndiyo maana barua ya kupinga inaandikwa "dereva aliegesha", kamwe si "niliegesha". Ikikataliwa, nenda POPLA au IAS, vyombo vya rufaa za ankara hizi, kulingana na chama ambacho kampuni imejiunga nacho.

Kisha zitakuja barua za wakusanya madeni, zenye wino mwekundu na nyongeza ya hadi pauni 70. Wakusanya madeni si madalali wa mahakama na hawana uwezo wa kuchukua hata kikombe. Barua mbili ndizo usizozipuuza. Ya kwanza ni Letter Before Claim, inayokupa siku 30 za kujibu. Ya pili ni Claim Form ya mahakama ya kaunti: una siku 14 baada ya kuhesabiwa umeipokea, na ukijibu tu kwamba umeipata na utajitetea zinakuwa 28.

Ukinyamaza, kampuni inashinda bila kusikilizwa na unapata CCJ, yaani hukumu ya deni ya mahakama ya kaunti. Ilipe yote ndani ya mwezi mmoja nayo inafutwa kwenye rejesta. Baada ya hapo inakaa miaka sita, na wakala wa nyumba, benki na kampuni ya simu wote wanaiona. Kuiondoa kwa sababu hukujua ni N244 tena, kwa ada inayozidi ankara yenyewe mara kadhaa.

Barua ya polisi

Hapa usicheleweshe chochote. Kamera ikikunasa kwa mwendo kasi, barua inamfikia mwenye kadi ya gari ndani ya siku 14 na kumtaka ataje dereva ndani ya siku 28. Adhabu ya kawaida ya mwendo kasi ni pauni 100 na pointi 3. Kutojibu swali la dereva ni kosa peke yake: pointi 6, faini hadi pauni 1,000, na bima inayopanda kwa miaka. Dereva aliyefaulu mtihani wake wa kwanza wa udereva wa Uingereza chini ya miaka miwili iliyopita akifika pointi 6 leseni inafutwa.

Ofa ya polisi ikipuuzwa kesi huenda mahakama ya mahakimu, mara nyingi kwa barua ya Single Justice Procedure Notice yenye siku 21. Tiketi aliyokupa askari mkononi na hukulipa inaweza kuandikishwa mahakamani kama faini iliyoongezwa kwa nusu. Faini ya mahakimu isipolipwa hukatwa kwenye mshahara au posho, na madalali wake wanaweza kuvunja mlango. Jela ipo, ingawa ni mwisho wa njia. Ukigundua umehukumiwa bila kujua, nenda mahakamani ukaape tamko ndani ya siku 21 tangu ulipojua, kesi ianze upya.

Anayeomba uraia alizingatie hili: tiketi ya polisi iliyolipwa kwa kawaida haihesabiwi dhidi yako kwenye kipimo cha mwenendo mwema, isipokuwa ziwe nyingi. Ikiachwa mpaka ikawa hukumu ya mahakama, lazima uitaje kwenye fomu.

Anwani

Ukihama, kuna anwani mbili za kubadilisha DVLA, ya leseni na ya kadi ya gari V5C. Zinafanyika mtandaoni bila malipo, na kubadilisha moja hakugusi nyingine. Karibu barua zote za faini hufuata V5C. Halafu lipa Royal Mail wakuhamishie barua angalau miezi sita.

Anayeuza gari aijulishe DVLA siku hiyohiyo na atunze barua ya uthibitisho, kwa maana hadi hapo faini za mnunuzi ni zake. Anayelipakia melini kwenda Mombasa au Dar es Salaam ajaze sehemu ya V5C ya kusafirisha gari nje moja kwa moja kabla halijaondoka. Faini alizoziacha nyuma hazisafiri na gari. Zinabaki kwa jina lake, kwenye anwani aliyoiandika mara ya mwisho.